Maji hayajai, maji hayapwi: mguu wa baba na soksi za binti

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama lishe, nina miaka 38, tunaishi mwambao wa Tanga. Naandika kwa ajili ya baba yangu. Mwenyewe hajui kwamba naandika, na akijua atanuna.

Baba ana miaka 67. Alivua samaki tangu utoto hadi miaka minne iliyopita. Ana kisukari, mwaka wa 11 huu, ana presha, na sigara hajaacha. Kama miaka miwili nyuma nilianza kuona jambo. Kutoka nyumbani hadi msikitini si mbali. Zamani akisikia adhana ndipo anatoka, na rakaa ya kwanza anaiwahi. Siku hizi anatoka mapema, na njiani anasimama mara tatu: dukani kwa Mpemba, chini ya mwembe, na kwa fundi baiskeli. Akisimama anasalimia, anauliza habari za watoto, anaulizia bei ya mchele. Nikadhani uzee umemfanya mcheshi. Siku moja nikafuatana naye, nikaona anatoka jasho huku anacheka na fundi. Nilipombana akasema kigimbi cha kulia kinamkaza kama kimefungwa kamba. Akisimama dakika mbili tatu kinaachia. Akiendelea, kinarudi.

Zahanati walisema baridi yabisi, wakampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Tangu mwezi wa pili mambo yamebadilika. Usiku halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia, ndipo anasinzia kidogo hivyohivyo amekaa. Halafu kandambili mpya ikamchubua kidole gumba, kidonda kama punje ya mahindi. Hii wiki ya saba hakijapona, na ncha ya kidole imekuwa nyeusi, imesinyaa kama tende.

Hapo nyumba ikagawanyika. Hospitali tuliyompeleka walisafisha kidonda, wakasema kidole kikatwe. Kaka yangu mkubwa amekataa katakata. Anasema jirani yetu alianza kukatwa kidole, ukaja mguu, likaja paja, mwisho tukamzika. Shangazi akaleta mganga, mganga akasema baba kakanyaga kitu alichotegewa. Akamchanja chale tatu juu ya wayo na kuagiza akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Anayemkanda ni mimi.

Sasa nina wazo langu. Mimi mwenyewe nilitokwa na mishipa iliyojisokota miguuni baada ya mtoto wa tatu, na kazi yangu ni kusimama jikoni kutwa. Daktari mmoja alinipa soksi za kubana, zinafika gotini, akaniambia nilale miguu iko juu ya mto. Wallahi zimenisaidia. Naona mguu wa baba siku hizi nao umevimba, nikasema basi huu ugonjwa nimerithi kwake. Nataka kumvalisha soksi zangu. Mto nimeshaanza kumwekea, lakini kila usiku anautupa chini. Anasema mto unamuua.

Je, nimvalishe? Na kidole kikatwe au kisikatwe?

Binti wa Mvuvi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga barua. Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita. Tangu juzi mguu wake wa kushoto umevimba wote mpaka pajani, na unamuuma akikanyaga. Mama anasema ni uzazi, akikandwa utaisha. Naye nimpe soksi?

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na ulichokiweka mwisho, kwa sababu ndicho kilichonifanya nichukue simu. Wasomaji wajue kwamba binti huyu aliacha namba yake, nami sikungoja zamu ya safu hii. Nilimwambia: mwache baba kwanza, mchukue wifi yako mwende hospitali yenye ultrasaundi, leo, si kesho. Jioni alinirudishia habari kwamba wamekuta damu imeganda ndani ya vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kuanzia kinena hadi nyuma ya goti. Amelazwa.

Nayaandika haya kwa ajili ya nyumba nyingine, maana mwambao wetu huu mzazi ni lazima akandwe, na mkandaji hodari hasazi kiungo. Mwanamke mwenye mimba damu yake huganda kwa urahisi zaidi. Ndivyo mwili unavyojiandaa asivuje damu nyingi siku ya kujifungua, na hali hiyo haiishi siku mtoto anapotoka. Inaendelea kwa wiki 6 hivi, hata zaidi. Ongeza upasuaji, ongeza siku za kulala kitandani. Kisha kuna maumbile ya mwili wenyewe: vena inayotoa damu mguu wa kushoto hupita chini ya ateri, mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, inayokwenda mguu wa kulia, na hapo hubanwa. Ndiyo maana kwa wazazi ni mguu wa kushoto unaovimba mara nyingi zaidi. Miguu yote miwili ikijaa sawasawa huwa ni hadithi nyingine. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto, ukauma, usiuchue wala usiukande. Donge likimeguka linapanda na mkondo wa damu, linapita moyoni na kukwama kwenye mapafu. Mtu hushikwa na pumzi, kifua kinachoma akivuta hewa, pengine anakohoa damu. Wengine hawapati hata nafasi ya kusema.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mpimaji anapaka jeli, anaweka kifaa juu ya vena na kuibonyeza. Vena nzima inalala bapa kama mfuko mtupu wa plastiki, na yenye donge inagoma. Wakitaka kuishia kwenye kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, waambieni huyu ni mzazi. Kwake hupanda hata kama donge hakuna. Dawa ni za kuzuia damu isigande: sindano za heparini au za jamaa yake, kisha kwa kawaida vidonge vya warfarini, kwa miezi isiyopungua 3. Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara, ile namba inayoitwa INR, inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ikae kati ya 2 na 3. Wifi yako asiache kunyonyesha. Heparini na warfarini hazimdhuru mtoto wa maziwa. Vidonge vipya vya aina ya rivaroksabani ndivyo anavyoepushwa anayenyonyesha. Akishika mimba nyingine ampashe mkunga habari hii siku ya kwanza ya kliniki, kwa kuwa warfarini na mimba havikai pamoja. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni asivitumie tena.

Haya, sasa baba.

Nimeisoma barua yako nikaona umeshika miguu mitatu ya watu watatu na unataka kuitibu kwa jozi moja ya soksi. Sikucheki. Hata wenye koti jeupe huchanganya. Baba yako ni mvuvi, kwa hiyo nitalisema kwa lugha ambayo hata yeye ukimsomea hatanuna. Damu mguuni inajaa na inapwa. Inajaa kwa njia ya ateri, ikisukumwa na moyo. Inapwa kwa njia ya vena, ikisukumwa na misuli ya kigimbi unapotembea, na ndani ya vena kuna vali ndogondogo zinazozuia isirudi chini. Mguu wako wewe maji hayapwi: vali zimelegea, damu inabaki chini, vena zinatanuka na kujisokota, jioni mguu unajaa. Mguu wa baba maji hayajai. Ateri zake zimeingia kutu ya mafuta, chokaa na moshi wa sigara miaka mingi, na kinachofika kwenye vidole ni kama maji mafu ya mwezi nusu, yanagusa mchanga yanarudi.

Kwa hiyo soksi inayokubana wewe inasukuma juu damu iliyozidi. Ukimvalisha baba, unabana hata ile kidogo iliyofanikiwa kufika. Nimewahi kupokea mguu uliofungwa bendeji ya kubana kwa nia njema kama yako. Tulipoifungua, ngozi ya mbele ya muundi ilibaki kwenye bendeji. Usimvalishe, hata kwa saa moja.

Na mto? Anauweka mguu juu, unauma. Anaushusha chini, unapoa. Damu iliyokosa msukumo inasaidiwa na uzito wake yenyewe kuteremka. Mzee alikuwa anakupa majibu ya kipimo kila usiku bila mashine yoyote, nawe ukamrudishia mto. Uvimbe uliouona hakuurithisha kwako. Mguu unaoning'inia usiku kucha lazima ujae. Mweke kitandani mguu ukiwa sambamba na godoro au umeshuka kidogo, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa tofali moja kila upande.

Fanya hivi leo kabla hamjasafiri, uone kwa macho yako. Alale chali. Inua miguu yake yote miwili, uishike juu kwa dakika moja. Mguu wenye ateri mbovu hufifia rangi, na kwa ngozi yetu nyeusi utauona kwenye wayo na chini ya kucha: unakuwa mweupe kama nta. Kisha mkalishe, miguu ining'inie. Ule mbovu utachelewa kurudi rangi, halafu utaiva wekundu wa zambarau, na hapo ndipo watu husema "mbona una damu nyingi". Baada ya hapo weka vidole vyako viwili juu ya wayo wako mwenyewe, upande wa juu unaouona ukisimama, katikati, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na cha pili. Utasikia mapigo. Yatafute pia nyuma ya fundo la ndani la kifundo. Ukishayajua yako, yatafute ya baba. Usipoyapata usimwambie kwa sauti ya msiba. Mwambie tunakwenda kupimwa.

Zile salamu za njiani nazo zina jina. Wajerumani wanauita ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa kuwa mgonjwa wa kwao husimama kila baada ya hatua kadhaa akijifanya anatazama bidhaa. Wa kwetu anaulizia bei ya mchele. Maumivu ya kigimbi yanayokuja kwa kutembea umbali uleule na kuachia kwa kusimama tu, bila hata kukaa, ni kilio cha msuli uliokosa damu, na hakuna baridi yabisi inayofuata ratiba namna hiyo. Hapo ndipo mlipopaswa kushikwa mkono, miaka miwili iliyopita, na siwalaumu ninyi. Vile vidonge vya maumivu alivyopewa, kama ni diklofenaki, viacheni. Kwa mzee mwenye kisukari na presha vinakula figo, na figo hizo tutazihitaji kwenye vipimo.

Sasa hivi baba hayuko tena kwenye hatua ya salamu. Maumivu ya usiku pamoja na kidole cheusi ni hatua ya mwisho ya ugonjwa huu, na mguu wenyewe uko hatarini. Kinachotakiwa kwanza ni kujua damu inafika kiasi gani na imezibwa wapi. Kipimo cha mwanzo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: presha ya mkono na presha ya kifundo cha mguu, kwa mkanda uleule mnaoujua na kifaa kidogo cha Doppler kinachosikilizisha mkondo wa damu, fyuu, fyuu. Unagawanya ya mguu kwa ya mkono. Mwenye ateri nzima hupata kati ya 1.0 na 1.4. Ikiwa 0.9 au chini yake, ateri zina ugonjwa. Mkono 150 na mguu 60 ni 0.4, na hapo hakuna wa kukwambia subiri. Lakini baba ana kisukari, na kisukari huzijaza ateri chokaa mpaka mkanda unashindwa kuzibana. Namba inatoka 1.5 na mtu anaandika "mguu mzima". Akipata namba kubwa hivyo, muombe apimwe presha ya kidole cha mguu, kwani ateri ndogo za vidole kwa kawaida haziingii chokaa kiasi hicho. Ikiwa chini ya 30 kidonda hakitapona chenyewe hata mkikifunga kwa hariri.

Kisha ultrasaundi ya mishipa, inayoonyesha ateri moja moja na mkondo wake. Wakiona pa kutibu wataomba skani ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Hapo wakumbushe kupima kreatinini kwanza, kipimo cha damu cha kujua hali ya figo, na uwaambie kama anatumia metformini, dawa ya kisukari.

Kidole kikatwe au kisikatwe? Mwanangu, hospitali ile na kaka yako kila mmoja kashika nusu ya ukweli. Kidole kilichokwisha kufa hakifufuki, kitaondoka tu. Ila kaka yako anachokiogopa kipo, na sababu yake si mkosi. Ukikata kidole kwenye mguu usio na damu, jeraha la kisu nalo halina cha kuponea. Linaoza, unakata juu yake, linaoza tena. Jirani yenu huenda alipita njia hiyo. Kwa hiyo jibu langu ni utaratibu: damu kwanza, kisu baadaye. Damu ikirudishwa, kidole kikaondolewa pale kilipokufa, mara nyingi mguu unabaki. Neno la kumwambia daktari ni hili: "Kabla ya kukata, tunaomba mishipa ya damu ipimwe na daktari wa upasuaji wa mishipa amuone." Hiyo ni haki yenu, na daktari mwenye kujiamini hatakasirika.

Damu hurudishwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kupitia tundu dogo kinenani: waya mwembamba unapitishwa ndani ya ateri hadi palipoziba, kisha puto linapulizwa kupanua njia, na pengine panaachwa bomba la waya wa wavu liitwalo stenti. Mwambie kaka yako kisa hiki, maana naye ni wa kukataa kisu. Januari 16, 1964, huko Portland, Marekani, bibi mmoja wa miaka 82 alikuwa na mguu kama wa baba yenu, vidole vimekufa, na madaktari wa upasuaji wanataka kuukata. Akakataa. Wakampeleka kwa daktari wa picha za eksirei, Charles Dotter, ambaye alikuwa na wazo watu walilolicheka: kuitanua ateri kwa ndani kwa kupitisha mirija, mwembamba kwanza, kisha mnene zaidi. Mguu ukapata joto. Yule bibi aliishi zaidi ya miaka miwili mingine akitembea kwa miguu yake. Puto lenyewe lilikuja miaka ya 1970, kazi ya Andreas Grüntzig kule Zurich.

Njia ya pili ni kuchepusha. Hapa utacheka, maana ateri inaokolewa na vena. Daktari anachukua vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe na kuishona juu na chini ya palipoziba, damu ipite pembeni. Mfaransa Jean Kunlin aliifanya hivyo mwaka 1948. Na kwa kuwa vali za vena zinafungukia upande wa juu, na sasa damu inatakiwa kwenda chini, vena inageuzwa kichwa chini kabla ya kushonwa. Ndiyo maana mimi hukataa vena za mtu kuchezewa ovyo, akiwemo mwenye vena nzuri asiyejua kwamba iko siku atazihitaji.

Mtapata wapi? Mkiwa Tanga mtapita hospitali ya Bombo kwa rufaa, na kutoka hapo kuna hospitali ya KCMC Moshi au Dar es Salaam, Muhimbili na jirani yake Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Madaktari wa mishipa nchini si wengi, basi kabla ya nauli piga simu uulize siku ya kliniki yao, na beba kadi ya kisukari, dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, na picha ya kidole uliyoipiga kila wiki kama unazo. Bima uliza mapema inabeba nini. Stenti na puto ni vitu vya gharama, na mzee asije akalala mezani ndipo mnaanza kuchangishana.

Sitakuahidi mguu. Kuna wagonjwa ambao ateri za chini ya goti zimeziba zote, hakuna pa kushikiza vena wala pa kupitisha waya. Kwao kukata chini ya goti, mapema, kabla sumu haijaingia mwilini, ndiko kunakowarudisha barazani. Pale KCMC kuna chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, na nimeona wavuvi wakirudi pwani kwa mguu wa plastiki. Ila uamuzi huo utoke kwenye picha ya mishipa. Usitoke kwenye uchovu wa mtu wa zamu.

Kuhusu maji ya moto, acha leo. Najua inakuuma kusikia hivyo, maana umeinama wiki ngapi na beseni. Mguu wenye kisukari hausikii moto, na ngozi isiyo na damu inaungua kwa maji ambayo mkono wako unayaona ya uvuguvugu. Kidole kikavu kiache kikavu: usikiloweke, usikibanduebandue, weka kitambaa safi kati yake na jirani yake. Mganga akitaka kusoma dua asome, dua haimdhuru mtu, lakini wembe asiushike tena. Chale zile tatu ni vidonda vitatu vipya kwenye mguu ulioshindwa kuponya kimoja. Ziangalie kila siku.

Kidole kikilowa, kikatoa harufu, wekundu ukapanda kwenye wayo au baba akapata homa, msingoje siku ya kliniki. Vivyo hivyo mguu ukiwa baridi ghafla, mweupe, ukafa ganzi, akashindwa kuchezesha vidole. Hapo ateri imezibwa moja kwa moja, na mnazo saa 6 hivi kabla misuli haijaanza kufa. Mpelekeni usiku huohuo, hata kwa bodaboda.

Dawa za kila siku atapangiwa huko: mara nyingi aspirini ndogo au klopidogreli ya kuzuia damu isigande, statini ya kushusha lehemu hata kama kipimo chake si kibaya, presha na sukari zishikwe vizuri. Watu wanadhani statini ni ya moyo tu. Ateri ni mti mmoja. Lililoziba kigimbini limeshaanza moyoni na shingoni, na wagonjwa wa aina hii wengi wanaofariki huondoka na moyo au kiharusi. Ndiyo maana namng'ang'ania kwenye sigara. Kaka yako anayepinga kisu kwa sauti kubwa, nina wasiwasi ndiye anayemletea pakiti. Muulize. Vena iliyoshonwa kwa saa tano huziba mapema kwa mtu anayeendelea kuvuta.

Kutembea kwa sasa asitembee zaidi ya chooni na mahali pa kusalia, na asali amekaa. Ila kuna msomaji hapa ambaye yuko pale baba alipokuwa miaka miwili iliyopita, hana kidonda, anasimama tu njiani. Wewe kutembea ni dawa yako. Tembea mpaka kigimbi kikaze sawasawa, simama kiachie, endelea tena, jumla dakika 30 hadi 45, angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3. Mwili hufungua vichochoro vidogo vya damu pembeni ya palipoziba, na misuli hujifunza kutumia vizuri kidogo inachokipata. Wengi umbali wao huongezeka maradufu bila kisu wala puto. Na mwanamume mwenye miaka 65 na kuendelea aliyewahi kuvuta sigara aombe na ultrasaundi ya tumbo mara moja, kutazama kama ateri kuu haijatuna. Ikifika sentimita 5.5 hutengenezwa kabla haijapasuka.

Umebaki wewe, na wewe huna haraka. Vena zako zisipokusumbua zaidi ya hapo, soksi zinatosha. Ngozi ya juu ya kifundo kwa ndani ikianza kuwa na rangi ya kahawia, ikawasha, au pakatoka kidonda hapo, nenda ukapigwe ultrasaundi ya vena; siku hizi vena mbovu huchomwa kwa leza ndani kwa ndani au kufungwa kwa sindano ya povu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Jikoni tafuta kigoda, usisimame kutwa, na unaposonga ugali inua visigino juu chini, kigimbi kifanye kazi yake ya kupwisha. Soksi zako zivae wewe, asubuhi, kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujajaa. Zikishapita miezi 6 hivi zinalegea, nunua nyingine.